Aliyeanguka Jua Likiwa Limezama: Uchambuzi wa Kisa cha Mtunza Bustani Mjini Doha

Kisa hiki kinamhusu kijana wa miaka 27 kutoka Njombe, aliyekwenda Qatar kufanya kazi ya kutunza bustani za kando ya barabara, na ambaye katikati ya Agosti, miezi miwili na nusu baada ya kufika, alianguka kazini saa 12:10 jioni, wenzake wakiwa wameanza kukunja mipira ya maji na kukusanya majembe. Wakati huo nilikuwa msaidizi wa afisa usalama katika kampuni iliyomwajiri, ambayo sitaitaja. Taarifa ya kwanza tuliyoandika usiku ule ilisema kwamba kijana ameshindwa na jua la Uarabuni, na sote tuliokuwa pale tuliiona taarifa hiyo kuwa ya kweli mpaka daktari alipouliza swali moja dogo: jua lipi, ilhali mgonjwa ameanguka magharibi?

Mhusika na ratiba yake

Njombe ni nyanda za juu, na mwezi Juni na Julai watu wa huko hulala na mablanketi mawili na kuamka wakiwa wanapuliza mvuke mdomoni. Kijana huyu aliondoka huko msimu wa baridi ukianza na kutua Doha tarehe 28 Mei, siku chache kabla ya kipindi ambacho Qatar inakitambua kisheria kuwa cha hatari ya joto. Katika ndege hiyohiyo walikuwemo vijana wawili wa Tanga, ambao tangu utotoni walizoea jasho lisilokauka, na nitawarejea baadaye kwa sababu walifanya kazi ileile, kwa msimamizi yuleyule, bila kuanguka.

Uamuzi wa waziri namba 17 wa mwaka 2021 unakataza kazi za nje kwenye jua kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kila siku, tangu tarehe 1 Juni hadi tarehe 15 Septemba. Kabla ya hapo katazo lilikuwa la saa chache zaidi na la miezi michache zaidi, kwa hiyo hakuna ubishi kwamba uamuzi huo umeokoa watu wengi. Lakini saa nane za kazi hazikupungua, ziligawanywa tu. Kampuni yetu, kama nyingi za aina yake, iliwapeleka watu kazini saa 10:30 alfajiri hadi saa 3:30 asubuhi, ikawarudisha kambini, kisha ikawachukua tena kwa zamu ya saa 9:30 alasiri hadi saa 12:30 jioni.

Ukiisoma karatasini, ratiba hiyo inapendeza. Ukiiishi, mambo ni mengine. Kambi ilikuwa eneo la viwanda, mwendo wa karibu saa nzima kwa basi kutoka bustani alizozitunza, kwa hiyo kijana aliamka saa 9:00 usiku ili awahi basi la saa 9:30. Alirudi saa 4:30 asubuhi, akapanga foleni ya bafu, akala, akajilaza, na saa 8:30 mchana basi lilikuwa limeshawasha injini nje. Safari ya pili ilimrudisha saa 1:30 usiku, naye bado alikuwa hajafua wala hajapata chakula cha jioni. Kisha ilikuja simu ya nyumbani. Saa za Qatar na za Afrika Mashariki ni zilezile, jambo ambalo kila mgeni hulifurahia akifika, na ndilo lililomwibia usingizi zaidi ya kitu kingine chochote: ndugu zake walimpigia saa 4:00 usiku kwa sababu kwao huo ndio wakati mtu ametulia, na yeye hakuwa na moyo wa kuwaambia kwamba baada ya saa tano ataamka. Alilala saa 5:00 usiku. Usingizi wake wa usiku ulikuwa wa saa nne, ukiongezewa saa moja na nusu ya mchana, katika chumba cha watu wanne ambamo mmoja alikuwa mlinzi wa usiku aliyerudi asubuhi na kutaka taa iwake ili ale.

Mshahara wake wa msingi ulikuwa riyali 1,000 kwa mwezi, ambacho ndicho kima cha chini kilichoanza kutumika Machi 2021, na kwa kuwa malazi na chakula vilitolewa na mwajiri, hakulipwa zile posho za riyali 500 na 300 ambazo sheria inadai pale mwajiri asipovitoa. Riyali imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.64, hivyo mapato yake yalikuwa kama dola 275. Alituma riyali 800 nyumbani kila mwezi ili kulipa deni la safari. Nayataja haya kwa sababu moja tu: mtu mwenye deni hasemi kwamba kichwa kinamuuma.

Wiki mbili zilizohesabiwa vibaya

Mwili huzoea joto kwa kulifanyia kazi. Katika muda wa siku 7 hadi 14 za kujituma kwenye joto kwa kiasi kinachoongezeka polepole, maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi na kwa wingi zaidi, chumvi inayopotea na jasho hupungua, na moyo hupunguza mapigo kwa kazi ileile. Mwongozo wa usalama kazini unaotumiwa sana unashauri mgeni apewe asilimia 20 tu ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku.

Kijana wetu alipofika, wiki mbili na ushei za kwanza zilikwisha kwenye vipimo vya afya, alama za vidole na kusubiri kitambulisho cha ukaazi. Siku hizo zote alikuwa ndani, chini ya kiyoyozi, akitoka nje kwa hatua za kutoka mlangoni hadi kwenye basi. Tarehe 15 Juni alipopangiwa kundi, msimamizi aliniuliza ana muda gani nchini, nami nikajibu kwamba ana zaidi ya wiki mbili, keshazoea. Nikatia saini fomu. Kwa mwili wake siku hiyo ilikuwa ya kwanza, na alipewa zamu kamili. Kosa hilo ni langu, na limenifundisha kwamba tarehe iliyogongwa kwenye pasipoti haisemi chochote kuhusu damu na jasho la mtu.

Kulikuwa na pengo jingine. Uamuzi ule wa 2021 unamtaka mwajiri awape wafanyakazi mafunzo kuhusu athari za joto kabla ya mwezi Mei kwisha. Yetu yalifanyika katikati ya Mei, kwa Kihindi, Kinepali, Kibangla na Kiingereza, wakati kijana huyu bado yupo Njombe akifunga mizigo. Hakuna aliyekumbuka kuyarudia kwa waliofika baadaye, sembuse kwa Kiswahili.

Hata hivyo hakuanguka Juni, wala Julai. Alikuwa kijana mwenye nguvu, na upepo wa shamali unaovuma kutoka kaskazini-magharibi miezi hiyo, pamoja na mavumbi yake yote, ni mkavu na huondoa jasho haraka. Alilalamika kuhusu jambo moja tu, maji ya kuoga. Tangi la maji lilikuwa juu ya paa, na bomba la maji baridi lilitoa maji ya kuunguza hata saa 2:00 usiku. Kwa wiki tatu aliiogesha ngozi yake iliyochoka kwa maji ya moto, au akalala bila kuoga, mpaka mwenzake wa Kinepali alipomwonyesha mbinu ambayo kila mkaazi wa siku nyingi anaijua: wakati wa kiangazi hita ya bafuni huzimwa kabisa, na kwa kuwa chombo chake kimo ndani ya nyumba yenye kiyoyozi, maji yanayolala humo hupoa. Ukitaka maji baridi Agosti, fungua koki yenye alama nyekundu. Alinisimulia hilo kwa kicheko, na nadhani ndiyo siku ya kwanza nilipomwona kama mtu aliyefika.

Siku nane chumbani

Mwanzoni mwa Agosti alipata kuumwa kichwa, kichefuchefu, mwili kuchoka na kutetemeka kidogo usiku. Mtu yeyote aliyekulia Afrika Mashariki anajua jina la ugonjwa huo. Kijana alifungua begi, akatoa dozi ya dawa mseto aliyopewa na mama yake, akaimeza yote kwa siku tatu bila kumwambia mtu.

Wazo lake halikuwa la kipuuzi. Malaria haienei nchini Qatar, lakini mtu aliyetoka sehemu yenye malaria anaweza kuugua wiki kadhaa baada ya kusafiri, na homa kwa mgeni wa aina hiyo inastahili kupimwa damu siku hiyohiyo. Kosa lilikuwa kumeza bila kupima. Dalili zilezile, yaani kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu, ndizo dalili za mwanzo za mwili kuzidiwa na joto, na kule kutetemeka kulikuwa na maelezo mepesi zaidi: kitanda chake kilikuwa chini ya mdomo wa kiyoyozi, na kiyoyozi kiliwekwa nyuzi 16 kwa sababu mlinzi wa usiku hakuweza kulala mchana bila baridi hiyo.

Alipoanza kutapika dawa, ndipo tulipojua. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Alipewa mapumziko, na kwa kuwa tumbo nalo lilivurugika, alikaa chumbani siku nane. Siku ya tisa alirudi kazini kwa zamu kamili, na saini ya kumruhusu ilikuwa tena ya kwangu, kwa hoja kwamba ameshapumzika vya kutosha. Sikujua wakati huo kwamba mazoea ya joto hayadumu kama tabia ya kuendesha baiskeli. Wiki moja bila joto inatosha kuyapunguza kwa kiasi kikubwa, na kuhara kulikuwa kumeshaondoa maji na chumvi ambavyo angevihitaji. Alianguka siku ya tatu baada ya kurudi.

Kwa nini jioni

Sheria ya Qatar ina masharti mawili, na wengi wetu tulikuwa tunalishika la kwanza tu, lile la saa. La pili linasema kwamba kazi isimame saa yoyote ile endapo kipimo cha joto kiitwacho WBGT kimepita nyuzi 32.1. Kipimo hicho hakifanani na nyuzi zinazotangazwa redioni. Hutokana na vipimajoto vitatu: kilichofungwa kitambaa kibichi, ambacho hubeba asilimia 70 ya hesabu, kilichomo ndani ya tufe jeusi linalonasa joto la jua, asilimia 20, na cha kawaida cha hewa, asilimia 10. Kitambaa kibichi kinapewa uzito mkubwa kwa sababu ndicho kinachofanana na ngozi inayotoka jasho. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka na kitambaa hupoa. Hewa ikijaa unyevu, maji hayaendi popote.

Tuchukue mfano. Mchana wa Juni wenye upepo mkavu, hewa ikiwa nyuzi 43, tufe 55 na kitambaa 23, hesabu inatoa 31.4. Jioni ya Agosti, unyevu wa Ghuba ukiwa umeingia mjini, hewa ikiwa nyuzi 36 tu, tufe 37 na kitambaa 31, hesabu inatoa 32.7. Mchana ule unaotisha upo chini ya kikomo, na jioni hii inayoonekana ya kupunga upepo ipo juu yake. Vijana wa Tanga waliisoma hali hiyo bila kifaa chochote. Mmoja aliniambia baadaye kwamba siku ile tangu alasiri miwani ya msimamizi ilikuwa inaingia ukungu kila anaposhuka kwenye gari, na kwamba yeye na mwenzake walikuwa wamepunguza mwendo makusudi, wakijifanya mpira wa maji una tundu.

Kifaa cha kupimia kilikuwepo, lakini kilikaa kwenye mradi mkubwa, kilomita kadhaa kutoka bustani ile. Makundi madogo ya barabarani yalifuata saa ya ukutani.

Mbali na mazoea ya joto yaliyopotea na unyevu wa jioni, kuna jambo la tatu lililomwangusha, nalo ndilo ninalolifikiria zaidi. Kijana alikuwa hanywi maji asubuhi. Kando ya barabara hapakuwa na choo. Cha karibu kilikuwa kwenye kituo cha mafuta, mwendo wa zaidi ya kilomita moja, na mtu alihitaji ruhusa ya kuacha kundi. Alikuwa na aibu ya kuomba mara kwa mara, basi akajifunza kutokunywa hadi saa 3:00 asubuhi, kisha akirudi kambini anakunywa lita mbili au zaidi kwa mkupuo. Chakula cha kambini chenye pilipili nyingi hakukipenda, kwa hiyo alishindia mkate na chai. Maji mengi ya ghafla juu ya tumbo lisilo na chakula, baada ya jasho la saa tano, hupunguza zaidi kiwango cha chumvi kwenye damu. Ushauri unaofaa ni kinyume chake: kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, na kwa jumla isizidi lita moja na nusu kwa saa, huku chumvi ikipatikana kwenye mlo.

Alipoanguka alikuwa bado anatoka jasho, na maneno yake hayakueleweka. Msimamizi alisema anaweweseka. Kijana wa Tanga aliyekaa naye basi moja kila siku alitambua kwamba angalau baadhi ya maneno yale yalikuwa Kibena. Walimlaza kivulini, ingawa kivuli chenyewe kilikuwa cha ubavu wa boza, na kwa sekunde chache wakasita: maji ya boza yale ni maji taka yaliyosafishwa, ambayo hutumika kumwagilia bustani za mjini na hayaruhusiwi kwa matumizi ya binadamu, tena yalikuwa yamechemka tangini mchana kutwa. Yule wa Tanga akafungua deli la maji ya kunywa la kundi zima na kummwagia lote, kuanzia shingoni, wenzake wakimpepea kwa vipande vya maboksi, huku msimamizi akipiga 999. Kwa maoni yangu uamuzi huo ndio uliomwokoa. Gari la wagonjwa lilipofika, baada ya robo saa hivi, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 39.4, yaani baada ya kupozwa; likipita 40 pamoja na kuchanganyikiwa, huitwa kiharusi cha joto, na hapo kila dakika ina gharama yake. Hospitalini walikuta chumvi ya damu imeshuka na figo zimeelemewa. Alitoka siku ya tatu.

Yaliyobadilishwa

Mambo ya kwanza yalikuwa ya chumbani, na hayakugharimu kitu. Mlinzi wa usiku alihamishiwa chumba cha wenzake wa zamu ya usiku, kitanda cha kijana kikasogezwa, kiyoyozi kikapandishwa hadi nyuzi 24. Ndugu zake walielezwa, kwa simu niliyopiga mimi mwenyewe kwa idhini yake, wampigie saa 5:00 asubuhi baada ya zamu ya kwanza, na siku za kazi wasizidi dakika kumi. Mama yake aliuliza kama mtoto amefungwa gerezani. Ilichukua muda.

Aliporudi kazini alianza na saa moja kwa siku kwenye joto, akaongezewa saa nyingine kila siku, na utaratibu huo sasa unatumika kwa kila anayekaa nje ya kazi kwa zaidi ya siku tano, awe mgonjwa au ametoka likizo. Vijana wapya hawahesabiwi siku za nchini. Huhesabiwa siku za kazini. Kundi la barabarani lilipewa kifaa chake cha kupimia, na wafanyakazi wakaelezwa kwa lugha wanayoielewa jambo ambalo lipo kwenye uamuzi uleule wa 2021 na ambalo kijana hakuwahi kulisikia: kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya kuamini kuwa joto linahatarisha afya yake anayo haki ya kuacha kazi na kupeleka malalamiko wizarani. Sijaona aliyeitumia haki hiyo waziwazi. Nimewaona wengi zaidi wakipata mipira ya maji yenye tundu, nami siwaulizi.

Yeye mwenyewe aliendelea. Novemba ilipofika na usiku wa Doha kuanza kupoa, alikuwa akienda kazini na fulana huku wenzake wa Tanga wamevaa majaketi na kujifunga skafu, na utani ukageuka upande.

Suala la choo halikupata ufumbuzi. Niliandika barua mbili kuomba choo cha kuhamishika kwa makundi ya barabarani, na jibu la pili lilieleza kwamba kituo cha mafuta kipo ndani ya umbali unaokubalika. Nilikwenda siku moja nikautembea umbali huo saa 3:00 asubuhi, mwezi Julai, nikiwa na chupa ya maji mkononi. Kwenda na kurudi ilinichukua dakika 34, na chupa ilikuwa tupu kabla sijafika kwenye kituo.